Kampuni ndogo za magari Uingereza zina somo kwa karakana za Arusha

Msimu wa masika ndio wakati wa kazi nyingi katika karakana za magari ya utalii mjini Arusha. Mwezi Aprili na Mei, wageni wanapopungua Serengeti, Ngorongoro na Tarangire, magari hurudi mjini kwa matengenezo, na makampuni yanayotaka magari mapya huhimiza kazi ili yawe tayari kabla ya Juni. Kuanzia Njiro hadi Unga Limited mafundi hukata chesisi, huchomelea, hukunja bati, hupiga rangi na kushona viti. Mwenye kampuni ya utalii hataki maelezo mengi. Anataka gari litoke kabla wageni wake hawajatua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro.

Soko lenyewe ni la kupanda na kushuka. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni wapatao milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020, kutokana na korona, idadi hiyo iliporomoka hadi laki sita na ushei. Mwaka 2023 ilifika milioni 1.8, na mwaka 2024 ikapita milioni 2.1. Si wote waliopanda magari ya Arusha, kwa kuwa wengine huishia Zanzibar au huenda mbuga za kusini. Hata hivyo, hifadhi za kaskazini ndizo zinazobeba jina la utalii wa nchi, na lango lake ni mji huu ulio chini ya Mlima Meru.

Kutokana na ukuaji huo, swali la muda mrefu limerudi tena: je, karakana za Arusha ziende wapi? Wapo wanaosema umefika wakati wa kuunda gari zima la Kitanzania, injini na vyote. Wapo wanaosema kazi hii ni ya gereji tu, haistahili kuitwa kiwanda. Kauli zote mbili zina kasoro. Historia ya kampuni ndogo za Uingereza zilizotengeneza magari ya spoti, yaani magari mepesi ya viti viwili yanayonunuliwa kwa raha ya kuyaendesha, inaonyesha kasoro hizo ziko wapi.

MORGAN NA INJINI ZA WENZAKE

Mwaka 1909 kijana mmoja mwenye gereji katika mji wa Malvern, H.F.S. Morgan, mtoto wa kasisi, aliunda kigari cha magurudumu matatu. Hakuunda injini. Alichukua ya Peugeot akaifunga mbele. Mwaka 1910 alikipeleka kwenye maonyesho ya magari London, na mwaka 1912 akasajili kampuni yenye dhima yenye kikomo.

Magurudumu matatu hayakuwa mapambo. Uingereza ilitoza gari jepesi la aina hiyo kodi kama ya pikipiki, na mtu asiyemudu gari kubwa aliweza kulinunua. Msomaji wa Arusha anayeona jinsi bajaji ilivyoingia mitaani ataelewa mara moja. Nafuu hiyo iliibeba kampuni kwa zaidi ya miaka ishirini. Magari madogo ya magurudumu manne yaliposhuka bei, Morgan naye alitoa la kwake mwaka 1936, likiitwa 4/4, kwa injini ya Coventry Climax.

Tangu hapo orodha ya waliomuuzia injini ni ndefu: Standard, Triumph, Ford, Rover, Fiat na BMW. Mmoja akiacha kutengeneza injini fulani, Morgan alikwenda kwa mwingine. Mwaka 1954 Standard walitaka kuinunua kampuni yenyewe, wakakataliwa. Mwaka 1968 ilitoka Plus 8 yenye injini ya Rover ya silinda nane, ikauzwa hadi mwaka 2004.

Je, Morgan alitengeneza nini basi? Alitengeneza bodi. Juu ya chesisi ya chuma mafundi seremala walijenga fremu ya mbao za mti uitwao ash, kisha mafundi bati wakaivika kwa mkono. Hiyo ndiyo sehemu aliyoijua kuliko mtu mwingine, na hiyo ndiyo aliyoitoza fedha. Alipojaribu njia nyingine hakufanikiwa: gari la bodi ya faiba, Plus 4 Plus la mwaka 1963, liliuzwa 26 tu. Lakini jaribio lilikuwa dogo, na hasara yake haikuiangusha kampuni.

Mwaka 1990 Sir John Harvey-Jones, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni kubwa ya kemikali ya ICI, alikitembelea kiwanda hicho na kipindi cha televisheni ya BBC. Aliona magari machache yakitoka kila wiki huku wateja wakisubiri kwa miaka. Akashauri kiwanda kiongeze uzalishaji na kiachane na utaratibu wa kale. Peter Morgan na mwanawe Charles hawakuufuata ushauri huo kama ulivyotolewa. Waliboresha kazi pole pole, lakini hawakukubali kujenga kiwanda kikubwa kwa kuangalia foleni ya mwaka mmoja. Mtaalamu alikuwa na hoja yake, kwa sababu mteja anayesubiri mno huenda kwingine. Wenye mali nao walikuwa na yao: foleni ndiyo iliyowalipa mishahara wakati uchumi wa Uingereza ulipodorora.

Familia haikubaki na kampuni milele. Mwaka 2019 hisa nyingi zilinunuliwa na Investindustrial, kampuni ya uwekezaji yenye asili ya Italia. Lakini waliouziwa walinunua kiwanda kinachofanya kazi chenye jina linalojulikana, miaka 110 baada ya kile kigari cha kwanza.

TVR NA KIBURI CHA INJINI

Kampuni ya TVR ya Blackpool ilianza karibu na mwaka 1947 kwa mikono ya Trevor Wilkinson, ambaye jina lake la kwanza lilifupishwa kuwa jina la gari. Nayo kwa miaka mingi ilinunua injini kwa Ford, Triumph na Rover. Chini ya Peter Wheeler, aliyeinunua mwaka 1981, ilipata umaarufu mkubwa kwa magari yenye nguvu na sauti ya kutisha.

Miaka ya 1990 TVR iliamua kutengeneza injini zake yenyewe. Mwaka 1996 ilitoa injini ya silinda nane kwenye gari la Cerbera, kisha ikafuata ya silinda sita. Kwa fahari, hatua hiyo ilikuwa kubwa. Kwa hesabu, ilikuwa mzigo. Kampuni kubwa hugawa gharama ya kuchunguza na kujaribu injini kwa mamia ya maelfu ya magari, wakati kampuni ndogo huigawa kwa magari machache, na kasoro ambazo hazikuonekana kiwandani huonekana barabarani, mteja akiwa ameshalipa. Injini ya silinda sita ilijulikana kwa kurudi kutengenezwa chini ya dhamana, na kila inayorudi hula faida ya gari jingine.

Mwaka 2004 Wheeler aliuza kampuni kwa Mrusi Nikolai Smolensky. Mwaka 2006 uzalishaji wa Blackpool ukasimama. Injini peke yake haikuiua TVR, kwa kuwa kubadilika kwa umiliki na kupungua kwa wateja navyo vilichangia. Lakini kampuni iliyoingia katika matatizo hayo haikuwa na akiba, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ilikwenda kwenye kazi ambayo Rover na Ford wangeifanya kwa bei nafuu.

Somo la tatu linatoka kwa Lotus. Mwaka 1957 Colin Chapman alianza kuuza gari dogo liitwalo Seven likiwa vipande, mnunuzi akaliunge mwenyewe nyumbani, kwa sababu gari la namna hiyo halikutozwa kodi ya manunuzi. Mwaka 1973 Uingereza ilileta Kodi ya Ongezeko la Thamani, nafuu hiyo ikaisha. Mwaka huo huo Lotus iliachana na Seven, haki zake zikachukuliwa na wakala wake, Caterham. Caterham haikuwa na nafuu ya kodi, lakini ilikuwa na gari ambalo watu walilipenda, na iliendelea kulitengeneza kwa miongo iliyofuata. Nafuu ya kodi humsaidia mtu kuanza. Bidhaa isiyo na sifa haitadumu nayo, na yenye sifa huweza kudumu hata nafuu inapokwisha.

YALIYOTOKEA KWA JIRANI

Hayo hayakutokea Ulaya tu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari la Kenya. Mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa wananchi. Wahandisi walithibitisha kuwa wanaweza. Lakini fedha za kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hazikupatikana, na hakuna raia aliyenunua hata moja. Karakana zake zikarithiwa na shirika la kuchonga vipuri, Numerical Machining Complex.

Baadaye ilikuja Mobius, iliyoanzishwa Kenya na Mwingereza Joel Jackson kwa nia nzuri ya kutoa gari la bei ndogo la barabara mbovu. Hiyo iliuza magari, lakini ilikuta soko lililojaa magari yaliyotumika kutoka Japani. Agosti 2024 ilitangaza kufunga, kabla ya kusema baadaye mwezi huo kuwa amepatikana mnunuzi kutoka Mashariki ya Kati.

Hapa nchini kituo cha Nyumbu, Kibaha, kimeunda malori kwa ajili ya jeshi, na kazi hiyo ina maana yake kwa sababu mteja ni dola na sababu ni ulinzi. Mfanyabiashara wa Njiro hana mteja wa namna hiyo. Benki inamsubiri kila mwisho wa mwezi.

SEHEMU YA ARUSHA

Sasa tazama gari la utalii la Arusha. Chini yake mara nyingi ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililoingia sokoni mwaka 1984, na injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 iliyoanza mwaka 1990, ambayo fundi yeyote wa Karatu au Mto wa Mbu anaijua. Karakana haigusi injini hiyo. Inarefusha chesisi, inajenga bodi ndefu yenye madirisha makubwa, inaweka paa linaloinuka ili mgeni asimame apige picha, inafunga springi nzito, viti, jokofu, redio ya mawasiliano na tangi la ziada. Hanspaul Automechs ni miongoni mwa karakana zinazojulikana kwa kazi hiyo, na zipo nyingine nyingi ndogo zisizo na kibao.

Kazi hii ndiyo kazi ya Morgan. Gari linalotoka hapo halitengenezwi Japani. Limebuniwa kwa barabara za vumbi za Serengeti na mteremko wa kreta ya Ngorongoro, na aliyelibuni ni fundi wa Arusha. Tatizo ni kwamba likitoka linaitwa Toyota. Jina la aliyelifanya lisindikizwe na wageni wa dunia nzima haliko popote, isipokuwa pengine kwenye kibandiko kidogo mlangoni.

Hapa ndipo wale wanaosema hii ni gereji tu wanapokosea. Gereji hurudisha gari katika hali yake ya mwanzo. Karakana ya bodi hutoa kitu ambacho hakikuwepo, na hukiuza kwa bei yake. Na wale wanaotaka gari zima la Kitanzania wanakosea kwa upande wa pili. Mtaji wa kujaribu injini moja tu ungetosha kumaliza karakana zote za Njiro, na mteja wa utalii asingeinunua, kwa sababu injini ikizima Seronera saa kumi na mbili jioni anataka kipuri kinachopatikana.

Kwa hiyo kazi iliyopo ni kuifanya sehemu hii ya Arusha iwe imara. Mambo manne yanafaa kuangaliwa.

La kwanza ni jina na kumbukumbu. Kila bodi inayotoka ipewe namba yake, iwe na mchoro, tarehe na jina la karakana iliyogongwa kwenye chuma, pamoja na dhamana ya maandishi ya miungo iliyochomelewa. Gari la miaka kumi lenye kumbukumbu hizo litauzwa kwa bei nzuri zaidi kuliko lisilo nazo, na mnunuzi wa kwanza atalipa zaidi akilijua hilo. Pia usalama unadai hivyo. Chesisi iliyokatwa na kuungwa vibaya hubeba roho za watu saba au zaidi.

La pili ni kuchunga foleni. Tuseme karakana ina uwezo wa kutoa magari manne kwa mwezi, na mwaka mzuri ukaleta oda za magari kumi. Mwenye tamaa atakopa, ajenge banda jipya, aajiri vijana wengi wasiojua kuchomelea. Mwenye busara atachukua malipo ya awali, atataja tarehe ya kweli, na ataongeza mafundi wawili wawili kadiri wanavyoiva. Mwaka 2020 ulipofika, wageni walipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka mmoja. Deni la banda halipungui kwa namna hiyo. Hata hivyo, foleni isigeuzwe kisingizio cha uzembe. Mteja wa Morgan alisubiri raha, mteja wa Arusha anasubiri mtaji wake.

La tatu ni kutotegemea gari moja. Januari 2016 Uingereza iliacha kutengeneza Land Rover Defender ya zamani, gari ambalo Arusha inalipenda kiasi kwamba Oktoba 2024 tamasha lake lilikusanya hapa zaidi ya magari 1,000. Defender mpya iliyofuata haina chesisi ya kujitegemea, kwa kuwa bodi na fremu ni kitu kimoja. Gari la namna hiyo halikatwi na kurefushwa kwa njia iliyozoeleka. Ikitokea siku Toyota nayo ikafuata mkondo huo, fundi anayejua chesisi ya Land Cruiser peke yake atakosa kazi. Tangu mwaka 2018 magari ya utalii yanayotumia umeme yameonekana katika hifadhi za kaskazini, na baadhi ni magari ya dizeli yaliyobadilishwa. Hiyo ni kazi inayofanana na ya bodi: betri na mota vinunuliwe kwa wanaovijua, na Arusha ijue kuvifunga, kuvikinga na vumbi na kugawa uzito wake. Morgan aliishi kwa sababu alijua kubadilisha injini bila kubadilisha kazi yake.

La nne linaihusu serikali. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha wa ushuru kwa magari ya utalii, kwa masharti yake. Msamaha huo unamfuata mwenye leseni ya utalii anayeingiza gari. Haukuandikwa kwa ajili ya mwenye karakana anayeagiza vioo, raba na bati za kujengea bodi ya gari hilo hilo. Ikiwa lengo ni kuinua utalii, basi bodi inayojengwa hapa isije ikawa ghali kuliko inayoingia ikiwa tayari imejengwa nje. Lakini nafuu yoyote itakayotolewa iwe na muda maalumu na iendane na ubora, wenye karakana wakikumbuka yaliyoikuta Lotus.

Wataalamu wa kusaidia hawako mbali. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi ya wakati huo, kinafundisha ufundi wa magari. TEMDO, taasisi ya usanifu wa mitambo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, iko Njiro, jirani na karakana zenyewe. Michoro, vipimo vya miungo na majaribio ya uzito ni kazi ambazo wahandisi hao wanaweza kuzifanya, na wenye karakana wanaweza kuzilipia kwa pamoja bila hata mmoja kufilisika. Kinachokosekana mara nyingi ni mazungumzo, kwa sababu kila mwenye karakana humwona jirani yake kama mwizi wa mafundi.

Watakaopinga watasema Morgan ni gari la matajiri, na haifai kuwafundisha Watanzania biashara ya anasa. Lakini gari la utalii nalo hulipiwa na mgeni mwenye dola. Halishindani na daladala wala na gari lililotumika kutoka Japani. Hilo ndilo soko pekee la magari ambalo Arusha inalitawala kwa ujuzi wake yenyewe, na ujuzi huo uko mikononi mwa mafundi ambao wengi wao wanazeeka bila kuacha mchoro hata mmoja. Karakana itakayoanza masika yajayo kuandika namba kwenye bodi zake na kumweka kijana mmoja wa chuo pembeni ya fundi mzee haitahitaji kusubiri mtu wa Nairobi wala wa Dar es Salaam kuiita kiwanda.